Kupima Jinsi Makrofaji Zinavyopambana na Bakteria Waliojificha Ndani Yake

Bakteria wengi wakimezwa na makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu), habari yao huishia hapo. Wachache wanajua kuishi humo humo. Salmonella hubaki ndani ya kifuko cha utando na kukigeuza makazi. Listeria hukitoboa kifuko na kuingia kwenye saitoplazimu. Bakteria wa kifua kikuu huzuia kifuko kisiungane na lisosomu (kifuko cha seli chenye asidi na vimeng'enya vya kuyeyushia), na Coxiella huistahimili lisosomu yenyewe pamoja na asidi yake. Wakishaingia, kingamwili za kwenye damu haziwafikii kirahisi, na kazi inabaki kwa seli. Mwaka 1962 George Mackaness alionyesha, kwa kutumia panya wa maabara na Listeria, kwamba kinga dhidi ya bakteria wa aina hii hutegemea makrofaji zilizoamshwa. Leo tunajua kwamba mwamshaji mkuu ni intaferoni gama, inayotolewa na seli nyingine za kinga: seli T pamoja na seli za NK.

Njia ya kawaida ya kupima mapambano hayo maabarani ni kipimo cha gentamisini. Dawa hii huua haraka bakteria walio nje ya seli, lakini hupenya utando wa seli polepole mno. Kwa hiyo unawaacha bakteria wamezwe, unaua waliobaki nje, unapasua seli, kisha unaotesha na kuhesabu waliokuwa ndani. Wazo ni jepesi. Matokeo ndiyo yanayopotosha, maana namba unayoipata kwenye agari (rojo la kuoteshea bakteria) imechanganya mambo manne: wangapi waliingia, wangapi waliuawa, wangapi walizaliana, na wangapi walipotea kwa sababu seli iliyowahifadhi ilikufa. Karibu kila hatua iliyo hapa chini ipo ili kuyatenganisha hayo manne.

Maelezo yanahusu Salmonella Typhimurium na makrofaji za panya zilizokuzwa kutoka uboho wa mfupa. Mabadiliko kwa bakteria wengine yako mwishoni.

Usalama kwanza, kwa ufupi

Salmonella na Listeria hushughulikiwa kwenye maabara ya usalama wa ngazi ya 2: kabati la usalama, glavu, na ndoo za sentrifuji zenye vifuniko. Mjamzito au mtu mwenye kinga dhaifu asishike Listeria kabisa. Taka zote zipite kwenye otoklevu, nyuzi 121 kwa angalau dakika 20. Ukiwa na mifuko mikubwa, ongeza muda. Bakteria wa kifua kikuu wanahitaji ngazi ya 3, na hakuna njia ya mkato.

Siku ya kwanza: seli na bakteria

Jioni, panda makrofaji 200,000 katika kila kisima cha trei ya visima 24, ndani ya mililita 0.5 ya midia (maji ya kulishia seli) ya DMEM yenye asilimia 10 ya seramu ya ndama iliyopashwa moto kwa nyuzi 56 kwa dakika 30. Midia hii isiwe na penisilini wala streptomaisini. Hapa wengi hukwama bila kujua. Seli zilizokuzwa kwa wiki nzima kwenye midia yenye antibayotiki huwa na mabaki ya dawa, na mabaki hayo huua bakteria kwa niaba ya kinga. Ondoa dawa angalau saa 24 kabla, na ukiweza kuzikuza seli bila dawa tangu mwanzo ni bora zaidi.

Panda visima viwili vya ziada kwa ajili ya kuhesabu seli asubuhi. Makrofaji za uboho haziongezeki sana usiku mmoja, ila laini (seli zinazokuzwa maabarani bila kikomo) kama RAW 264.7 huongezeka, na uwiano wako wa bakteria kwa seli utaharibika ukitumia hesabu ya jana.

Chagua panya au laini ukijua jeni Slc11a1, ambayo wengi bado wanaiita Nramp1. Protini yake husukuma chuma na manganizi kutoka ndani ya kifuko ili bakteria wakose. Panya wa aina ya C57BL/6 na BALB/c wana nakala isiyofanya kazi, na RAW 264.7 na J774 zote zilitokana na BALB/c. Panya wa 129 wanayo iliyo nzima. Ukilinganisha makrofaji za C57BL/6 na za mseto wenye damu ya 129, tofauti utakayoiona huenda ikawa ya jeni hii moja, wala si ya jeni unayoichunguza.

Kama unataka kuona nguvu ya makrofaji iliyoamshwa, weka intaferoni gama ya panya nanogramu 20 kwa mililita kwenye nusu ya visima, uache saa 16 hadi 18. Iwe ya panya kweli kweli: ile ya binadamu haishiki kwenye kipokezi cha panya, na ukikosea utapata matokeo mazuri ya "intaferoni haisaidii" ambayo hayana maana yoyote.

Upande wa bakteria, chukua koloni moja, uiweke kwenye mililita 5 za mchuzi wa LB, itikiswe usiku kucha kwa nyuzi 37. Kwa makrofaji tumia bakteria hawa wa usiku kucha walioacha kukua. Bakteria wachanga wanaokua kwa kasi hutengeneza flajela (mikia ya kuogelea) kwa wingi na sindano ya kwanza ya kuingilia seli, ile ya kundi la jeni la SPI-1. Makrofaji hutambua flajelini, yaani protini ya flajela, na vipande vya sindano hiyo kupitia protini zake za NAIP na NLRC4, kimeng'enya cha kaspasi-1 huwashwa, na seli hupasuka ndani ya saa moja au mbili. Kama unachunguza kifo hicho, watumie wachanga. Kama unachunguza maisha ndani ya kifuko, wachanga watakuharibia kazi kabla hujaanza.

Siku ya pili: kuambukiza

Osha bakteria mara moja kwa PBS (maji ya chumvi yenye pH thabiti) na uwazimue hadi ukungu wa mchuzi usome 1.0 kwenye mwanga wa nanomita 600. Hiyo ni takriban bakteria bilioni moja kwa mililita, lakini mashine hutofautiana, kwa hiyo tengeneza jedwali la mashine yako mwenyewe kwa kuotesha na kuhesabu.

Changanya mikrolita 100 za bakteria na mikrolita 900 za midia yenye asilimia 10 ya seramu mbichi ya panya, yaani ambayo haikupashwa moto. Acha dakika 30 kwa nyuzi 37. Komplementi iliyomo, yaani protini za kinga za kwenye seramu, huwapaka bakteria, na makrofaji huwameza kwa urahisi na kwa usawa zaidi kati ya kisima na kisima. Kisha chukua mililita 0.4 ya mchanganyiko huo uongeze mililita 9.6 za midia. Sasa una bakteria milioni 4 kwa mililita. Ondoa midia ya zamani kwenye visima, weka mililita 0.5 ya mchanganyiko huu, na kila kisima kitakuwa na bakteria milioni 2, yaani 10 kwa kila seli moja. Mchanganyiko unatosha visima 20, au 19 ukihesabu kinachobaki kwenye ncha za pipeti.

Usiumwage uliobaki. Uzimue mara 10,000, paka mikrolita 100 kwenye agari, na kesho utarajie koloni zipatazo 40. Hiyo ndiyo idadi halisi uliyoweka. Ukungu wa mchuzi hauwatofautishi walio hai na waliokufa.

Baada ya hapo fuata saa bila kupumzika:

1. Zungusha trei kwenye sentrifuji, nguvu ya 200 g, dakika 5, ili bakteria wote waifikie seli kwa wakati mmoja. Weka saa yako kwenye sifuri.
2. Acha dakika 30 kwenye inkubeta, nyuzi 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5.
3. Osha mara tatu kwa PBS ya uvuguvugu. Mimina ukutani mwa kisima, si katikati. PBS ya baridi huachanisha makrofaji na sakafu, nazo huondoka pamoja na bakteria wao.
4. Weka midia yenye gentamisini mikrogramu 100 kwa mililita, kwa saa moja.
5. Badilisha kwa midia yenye mikrogramu 10 kwa mililita. Hii ndiyo itakayobaki hadi mwisho.

Kushusha dozi si mapambo. Makrofaji hunywa midia iliyo karibu nayo saa zote, na gentamisini inayonywewa hurundikana kwenye lisosomu. Ukiacha mikrogramu 100 kwa saa 18, dawa hufika kwenye kifuko cha bakteria na kuanza kuua humo. Upande mwingine, ukiiondoa dawa kabisa, bakteria wachache watakaotoka kwenye seli zilizokufa watajaza midia yote kufikia asubuhi.

Kupasua na kuhesabu

Soma mara tatu: saa 1 na nusu (mara tu dozi kubwa inapoisha), saa 6, na saa 18. Kila wakati uwe na visima vitatu vya kila hali. Osha mara mbili kuondoa gentamisini, maana ikibaki itaendelea kuua wakati wa kuzimua. Weka mililita 0.5 ya PBS yenye Triton X-100 (sabuni ya kupasua utando) asilimia 0.1, subiri dakika 10, kwangua sakafu kwa ncha ya pipeti na uvute na kusukuma mara 10. Angalia kwa hadubini: kama bado unaona seli nzima zimeshikamana, rudia.

Zimua kumi kwa kumi: mikrolita 20 ndani ya mikrolita 180 za PBS, ncha mpya kila mara. Paka mikrolita 100 ya viwango viwili vinavyofuatana. Hesabu sahani zenye koloni 30 hadi 300 tu. Chini ya hapo bahati inatawala, juu ya hapo koloni zinaungana.

Tuseme kiwango cha 1 kwa 100 kimetoa koloni 43. Gawanya kwa mililita 0.1 uliyopaka, upate 430. Zidisha kwa 100, upate 43,000 kwa mililita. Zidisha kwa 0.5, upate 21,500 kwa kisima. Kisha gawanya hesabu ya saa 18 kwa ile ya saa 1 na nusu ya hali ile ile. Uwiano huu ndio wa kuripoti. Hesabu ya saa 18 ikiachwa peke yake humlaumu au kumsifu asiyehusika: makrofaji iliyomeza nusu tu ya bakteria itaonekana ni muuaji hodari, kumbe ni mlaji mvivu.

Visima vitatu vya trei moja si majaribio matatu. Rudia kazi nzima siku tofauti, kwa bakteria wapya na seli mpya, angalau mara tatu, na uchambue namba zikiwa kwenye logi.

Visima vya ulinganisho

Hivi ndivyo vinavyoachwa pindi trei inapojaa, navyo ndivyo vinavyookoa kazi. Weka bakteria kwenye kisima kisicho na seli, wape gentamisini kwa saa moja, osha kwa sentrifuji, otesha. Pasiote kitu, au ziote koloni chache mno. Zikiota nyingi, ama dawa imechakaa ama aina yako ina jeni ya usugu. Plasmidi (viduara vya DNA vya ziada) nyingi za maabara hubeba jeni za usugu, na wapo waliopoteza miezi kwa kusahau jambo hili. Dalili nyingine ni hesabu ya saa 1 na nusu kukaribia idadi yote uliyoweka.

Weka pia bakteria kwenye Triton asilimia 0.1 kwa dakika 10 na kwa dakika 30, ulinganishe na PBS tupu. Otesha maji ya mwisho ya kuoshea. Kisha pima kifo cha seli, na hiki usikiruke.

Fikiri kinachotokea seli ikipasuka saa ya 10. Bakteria wake wanamwagika kwenye midia yenye gentamisini na wanakufa wote. Hesabu inashuka. Kwenye grafu yako, kifo hicho kinafanana kabisa na ushindi wa kinga. Kwa hiyo, kila wakati wa kusoma, chukua mikrolita 50 za midia kabla ya kuosha na upime kimeng'enya cha LDH kinachovuja kutoka seli zilizopasuka. Asilimia ya kifo ni usomaji wa kisima ukitoa uvujaji wa seli zisizoambukizwa, ugawe kwa tofauti kati ya seli zilizopasuliwa zote na hizo zisizoambukizwa, mara 100. Toa pia usomaji wa midia tupu, kwa kuwa seramu ya ndama ina LDH yake. Hali mbili zikitofautiana sana kwa vifo, usilinganishe hesabu zao za bakteria. Badala yake soma mapema zaidi au punguza uwiano uwe bakteria 1 kwa seli.

Silaha ipi imeua?

Koloni zinasema wangapi wamebaki. Nani kawaua, hazisemi. Kwa makrofaji za panya, majira ni kidokezo kizuri. Oksijeni kali inayotengenezwa na kimeng'enya cha NADPH oksidezi hufanya kazi saa za mwanzo, ilhali nitriki oksaidi huja baadaye na hushikilia bakteria wasizaliane. Basi jaribio linaloishia saa 4 haliwezi kuona mchango wa nitriki oksaidi, hata uwe mkubwa kiasi gani.

Nitriki oksaidi hupimwa kwa nitriti inayorundikana kwenye midia, kwa kipimo cha Griess: changanya mikrolita 50 za midia na mikrolita 50 za salfanilamidi asilimia 1 kwenye asidi ya fosforiki asilimia 5, subiri dakika 5 hadi 10 gizani, ongeza mikrolita 50 za NED (kemikali ya pili ya kipimo hiki) asilimia 0.1, soma kwenye nanomita 540. Weka mfululizo wa sodiamu nitriti wa mikromola 0 hadi 100 uliozimuliwa kwa midia ile ile. Makrofaji za binadamu kwenye trei hutoa nitriki oksaidi kidogo sana; usishangae, wala usihitimishe kwamba hazikuamka.

Asidi ya kifukoni inahitaji tahadhari zaidi. Bafilomaisini huzuia pampu inayoleta asidi, na mtu hutarajia Salmonella watanawiri. Mara nyingi hawanawiri. Kwao asidi ni silaha ya adui na pia ishara: ndiyo inayowaambia wamefika ndani na wawashe sindano ya pili, ya SPI-2, wanayoitumia kugeuza kifuko kiwe makazi. Ukiondoa asidi umempokonya makrofaji silaha na umempokonya bakteria ramani kwa pigo moja. Kwa sababu hiyo, mbele ya dawa yoyote ya kuzuia, weka na bakteria waliokatwa jeni ya SPI-2, kwa mfano ssaV. Hao huingia sawa na wenzao lakini hawazaliani ipasavyo, na uwiano wao wa saa 18 hukuonyesha makrofaji yako inafanya nini isipopingwa.

Kutenganisha kuua na kutozaliana ni jambo ambalo koloni haziwezi kabisa. Bakteria wawili wakizaa wanne na wawili wakauawa, hesabu haijabadilika. Njia nzuri ni kuwapa bakteria plasmidi ya protini inayong'aa, uiwashe kwenye mchuzi, uizime wanapoingia kwenye seli. Mng'ao wa kila mmoja hupungua nusu anapogawanyika, na mashine ya kupima seli moja moja itakuonyesha waliogawanyika mara nyingi na wale waliokaa kimya bila kugawanyika. Hao wa kimya si wafu. Wanastahimili antibayotiki na wanaweza kuanza upya.

Kwa hadubini, gandisha seli kwa paraformaldehaidi asilimia 4 kwa dakika 15, paka kingamwili dhidi ya LPS (molekuli ya uso wa nje wa bakteria) kabla ya kutoboa utando, kwa rangi moja, kisha toboa kwa saponini asilimia 0.1 na upake tena kwa rangi ya pili. Mwenye rangi zote mbili alikuwa nje. Ongeza kingamwili dhidi ya LAMP-1, protini ya utando wa lisosomu, kuona kama kifuko kimeungana na lisosomu. Salmonella wengi hukaa kwenye vifuko vyenye LAMP-1 na bado wanaishi, kwa hiyo alama hiyo peke yake si ushahidi wa kuuawa.

Ukibadilisha bakteria

Kwa Listeria monocytogenes anza na bakteria 1 kwa seli na usome saa 2, 5 na 8. Hutoroka kwenye kifuko mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa, na baada ya saa 8 hadi 10 seli huanza kuisha. Mlinganishe na aliyekatwa hly, ambaye hana protini ya kutoboa kifuko. Kwa seli za epithelia, kumbuka Listeria huruka kutoka seli hadi seli kwa kusukumwa na aktini bila kupita nje, na gentamisini haimkuti njiani.

Kwa seli za binadamu za THP-1, zigeuze makrofaji kwa PMA (kemikali ya kuzikomaza) nanogramu 50 hadi 100 kwa mililita kwa saa 48, kisha zipumzishe angalau saa 24 bila PMA. Ukiambukiza bila mapumziko hayo, PMA yenyewe itakuwa imeshawasha oksijeni kali.

Mycobacteria hushikana mafungu, na fungu la bakteria kumi huota koloni moja. Wapitishe kwenye sindano nyembamba au uzungushe taratibu na kuchukua maji ya juu tu, halafu hakikisha kwa hadubini kwamba wametengana. Gentamisini kwao haitegemeki; antibayotiki ya amikasini mikrogramu 200 kwa mililita kwa saa 2 hutumika badala yake, na koloni za kifua kikuu huchukua wiki tatu hadi nne. Chlamydia haioti kwenye agari ya kawaida hata kidogo: huko unahesabu vifuko vyake kwa hadubini, ukichukua maji ya seli zilizopasuliwa na kuambukiza nayo seli mpya.